Mstari Mmoja, Usiguse

Utepe ulikuwa mwekundu, mwembamba, wa kupindia mikono ya magauni, na Mama Mdogo alikuwa amejifunga mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa amepiga mafundo mawili, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Nini hiki?" Nukta aliuliza.

"Unakiona halafu unaniuliza."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, wodi ya upasuaji ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mama Mdogo alikuwa ameshavishwa joho la hospitali lenye kamba mgongoni, na tangu avishwe alikuwa halali wala hakai, analigeuza pindo lake na kusonya. Miaka ishirini na miwili ya ufundi wa cherehani haimruhusu mtu kuvaa mshono mbovu kwa amani, hata kama anakwenda kutolewa vijiwe vya nyongo.

"Mama, tepe zilishaondolewa," Nukta alisema, akiteremsha sauti ili wagonjwa wa vitanda vya jirani wasisikie. "Mwaka sasa. Zamani mtu mwenye mzio wa dawa alifungwa utepe mwekundu pale mapokezi, daktari akiuona anajua. Siku hizi kuna mfumo. Dawa yako mbaya imeandikwa kwenye mfumo."

"Na mfumo ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi ninayeutunza. Ndiyo maana watanicheka! Watasema mtoto katengeneza mashine, mzazi wake haiamini."

"Mimi hata cherehani yangu siiamini. Kila nikikaa, kabla sijakanyaga, naangalia sindano." Mama Mdogo aliunyosha mkono, akaurudisha. "We mtoto, umeona kweli kwa macho yako kwamba imeandikwa?"

"Nimeona jana. Penisilini. Nimeisoma herufi kwa herufi."

Hakuwa amedanganya. Alikuwa ameiona kweli, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Akaazima mkasi kwa sista wa zamu, akaupitisha chini ya utepe, akakata. Utepe akautia kwenye mfuko wa suruali. Mama Mdogo akausugua mkono palipokuwa na fundo, kama mtu aliyevuliwa pete ya ndoa.

"Haya," alisema. "Mkono wangu ni wako. Ila usisahau nilivyovimba."

Nani angesahau? Nukta alikuwa na miaka saba, mama yake mzazi ana mwaka mmoja kaburini, na mdogo wa mama yake ndiye aliyekuwa amebaki kuwa mama. Sindano moja ya kidonda cha mguu. Walikuwa hata hawajatoka nje ya geti la zahanati, uso wa Mama Mdogo ukaanza kufura, macho yakazama kwenye nyama, na koo likatoa mlio ambao Nukta hakuwahi kuusikia tena kwa kiumbe yeyote, mlio wa mlango unaofungwa polepole. Alimshika mkono akamvuta kurudi ndani. Muuguzi mmoja alikuwa na akili za haraka, basi Mama Mdogo akaishi. Tangu siku hiyo, neno penisilini nyumbani kwao lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la jirani mchawi.

"Upasuaji saa nne," Nukta alisema, akambusu kwenye paji la uso. "Ukiamka utanikuta hapa."

* * *

Kitengo cha kompyuta kilikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo ya mashuka. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine za kufulia, na kutwa nzima ukuta ulinguruma, harufu ya dawa ya madoa ikipenya. Mlango haukukaa wazi wenyewe; ulizuiwa kwa katoni moja nzito. Katoni hiyo ilijaa tepe nyekundu ambazo hazikutumika.

Nukta alijikalisha, akawasha kompyuta zake mbili. Jina la Nukta alipewa na Mama Mdogo kwa sababu ya umbo lake. Kazini likamkaa kwa sababu nyingine. Alikuwa na stashahada yake ya kompyuta, alama za juu, na hakuna kilichomuudhi kama kazi iliyofanywa ovyo. Alikulia chini ya meza ya cherehani. Kila gauni lililokwisha, Mama Mdogo aliligeuza ndani nje, akamwonyesha: "Nje kila mtu anapendezesha, mwanangu. Fundi anajulikana huku ndani." Nukta akakua na imani hiyo. Hata msimbo wake, maagizo yale ambayo kompyuta pekee huyasoma, aliyapanga kama pindo la gauni la bibi harusi.

Mfumo wenyewe haukuwa na uchawi. Kule wodini, sista alifungua ukurasa kwenye kompyuta, akaandika habari za mgonjwa. Programu ya wodi ikazichukua habari hizo, ikazitengenezea waraka wa XML, na kuutuma duka la dawa. Waraka wa XML ni kama masanduku ndani ya sanduku, kila moja lina lebo ya kulifungua na lebo ya kulifunga. Sanduku kubwa linaitwa mgonjwa. Ndani yake kuna sanduku la wodi, sanduku la daktari, sanduku la mizio. Ndani ya sanduku la mizio ndimo linamokaa jina la dawa inayoweza kukuua. Kule duka la dawa, programu nyingine iliupokea waraka, ikayafungua masanduku moja baada ya jingine, na kumwonyesha mfamasia alichohitaji kujua. Penye mzio, skrini ilimulika onyo jekundu. Pasipo na mzio, iliandika kwa kijani: HAKUNA MZIO.

Programu zote mbili aliziandika mtu mmoja aliyeacha kazi kabla Nukta hajaajiriwa. Walimwita Bubu. Haikuwa kwamba hasemi. Kwenye kantini, walivyosimulia, alikuwa kasuku. Bali katika maelfu ya mistari ya msimbo wake hakuacha maelezo hata chembe, wala daftari, wala mchoro. Isipokuwa mahali pamoja. Pale ambapo programu ya wodi inatengeneza waraka, aliandika maneno matatu: *Mstari mmoja. Usiguse.*

Na kweli, nyaraka za Bubu zilikuwa mstari mmoja. Masanduku yote yamebanwa pamoja, lebo kwa lebo, herufi elfu tatu bila nafasi ya kupumua. Kuusoma waraka mmoja kwa macho kulikuwa sawa na kutafuta uzi mweupe kwenye gunia la sukari.

Wiki iliyopita mkuu wa kitengo alikuja na habari za wageni. Wakaguzi kutoka makao makuu wangekuja, wangetaka kuona nyaraka zenyewe. Mkuu huyu aliitwa Mzee Kesho, maana hakuna ombi lililomfikia asilipeleke kesho.

"Watatuona washamba na hili gunia," Nukta alimwambia. "Nizipange. Kila sanduku kwenye mstari wake, la ndani lisogee kulia kidogo. Habari haibadiliki hata herufi. Ni nafasi tu na mistari mipya."

"Na haya maneno ya Bubu?"

"Mwandishi akikuambia usiguse, mzee, ujue yeye mwenyewe haielewi kazi yake."

Mzee Kesho alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Haya panga. Maadamu wageni wanakuja, hata mimi nitachana nywele."

Juzi asubuhi Nukta aliugusa. Mabadiliko yalikuwa madogo kuliko kucha. Kabla ya kuyaachia alifanya jaribio, kama fundi yeyote mwaminifu. Palikuwa na mgonjwa wa uongo ndani ya mfumo, waliyemwita Bwana Jaribio, aliyewekwa na Bubu enzi hizo kwa ajili ya kazi kama hizi. Nukta alimtuma Bwana Jaribio kutoka wodini hadi duka la dawa. Jina lilifika, wodi ilifika, daktari alifika, na chini kabisa kwa kijani: HAKUNA MZIO. Sawasawa kabisa, kwa sababu Bwana Jaribio alikuwa mzima kama ng'ombe dume na hakuwahi kuandikiwa mzio maishani mwake.

* * *

Simu ya mezani iliita saa mbili na robo. Alikuwa mfamasia wa zamu, mwanamke mwenye sauti nene na utani mwingi.

"Nukta, shoga yangu, umewasomea dua gani wagonjwa?"

"Kwa nini?"

"Wamepona mizio wote! Jana sijaona jekundu hata moja. Leo tangu nifungue, kijani kitupu, kama shamba baada ya mvua. Nikasema huyu binti atakuwa ameweka mkono wake."

Nukta akacheka. Kicheko kikafika nusu ya njia kikaishiwa mafuta.

"Hata moja?"

"Hata la dawa. Mimi silalamiki, mama. Yale mekundu yalikuwa yananipa kipandauso. Ila bibi yangu alikuwa akisema, watoto wakinyamaza jikoni, nenda kaangalie."

Alipokata simu, Nukta alifungua kumbukumbu za mfumo. Kila onyo jekundu lililowahi kumulika lilikuwa limehesabiwa humo, siku kwa siku. Kumi na nne. Kumi na moja. Kumi na sita. Kumi na tatu. Juzi: matatu, yote kabla ya saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Jana: sifuri. Leo: sifuri.

Juzi, saa mbili na dakika arobaini, ndipo alipoachia mabadiliko yake.

Ukuta wa mashine za kufulia ukanguruma. Nukta aliwaza: waraka umeharibika. Akaufungua mmoja wa jana, wa mwanamume wa wodi ya mifupa. Mistari imepangika, masanduku yamejongea kulia kwa adabu, na ndani ya sanduku la mizio, wazi kama mchana, limekaa jina la dawa. Akafungua wa pili. Umo. Akafungua wa Mama Mdogo. Penisilini, vilevile alivyouona jana.

Nyaraka zilikuwa nzima. Hakuna kilichopotea. Onyo tu ndilo halikumulika.

Akapanda kwa Mzee Kesho, akamkuta anajaribu tai ya pili.

"Mzee, maonyo yamenyamaza tangu juzi."

"Nyaraka zina kasoro?"

"Hazina."

"Basi yanyamaze! Mwezi mzima mnalalamika kelele, leo kimya nacho ni kesi? Labda wagonjwa wa juzi na jana hawana mizio. Hutokea."

"Nyaraka zinasema wanayo. Nataka nirudishe ule mstari mmoja, nipeleleze."

"Wageni wanafika saa nne kamili, Nukta. Unirudishie lile gunia la Bubu leo, siku ya leo?" Akaikaza tai. "Kesho. Wakiondoka tu, kesho asubuhi, kitu cha kwanza."

Aliteremka ngazi akiwa amemsikia, na miguu yake haikukubaliana naye. Katika mfuko wa suruali vidole vilikuwa vimekutana na utepe, vikawa vinauviringisha na kuuviringua. Alijiambia kwamba wodi wana sista, chumba cha upasuaji kina daktari, watu hawa huuliza. Kisha akakumbuka majivuno ya Mama Mdogo jana mapokezini. Muuguzi alipomuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, alijibu huku akimwonyesha Nukta kwa kidevu: "Muulizeni mwanangu, yeye ndiye aliyewatengenezea mashine." Wakacheka wote. Muuguzi akaandika kwenye kompyuta, na kompyuta peke yake.

Saa tatu na dakika ishirini na tano, alimfungua tena Bwana Jaribio. Safari hii alimpa ugonjwa. Kwenye sanduku la mizio akamwandikia: karanga. Akamtuma. Akafungua ukurasa wa duka la dawa kwenye kompyuta ya pili, akangoja kwa pumzi moja.

Jina likafika. Wodi ikafika. Daktari akafika.

HAKUNA MZIO.

Aliyatazama maneno yale ya kijani mpaka yakaanza kucheza. Kisha akaingia kwenye msimbo wa programu ya duka la dawa, upande ambao hakuwahi kuugusa, msitu wa Bubu, bila njia wala kibao. Alitafuta neno mizio. Likaonekana mara arobaini. Akapita moja, akapita jingine, saa ya ukutani ikimla. Ilipofika saa tatu na dakika arobaini na nane, akaliona.

Bubu alikuwa ameiagiza programu hivi: fungua sanduku la mizio, chukua mtoto wa kwanza. Kama mtoto wa kwanza ni mzio, mulika jekundu. Kama siye, andika hakuna.

Basi. Hakuiambia imtafute mtoto kwa jina lake, kama ilivyotafuta wodi na daktari. Aliiambia imchukue wa kwanza, awaye yote. Katika mstari mmoja uliobanwa, lebo ya mizio ikifunguka, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni mzio wenyewe. Lakini Nukta alikuwa ameweka mstari mpya pale, na nafasi nne nzuri za kusogeza kulia. Binadamu akiona nafasi, haoni kitu. Kompyuta haina tabia hiyo. Kwa kompyuta, utupu nao ni kitu. Utupu nao ni mtoto, na yeye ndiye aliyemzaa akamtanguliza mbele ya wenzake. Programu ilifungua sanduku, ikamkuta utupu amekaa mlangoni, ikaona si mzio, ikafunga. Penisilini ilikuwa nyuma yake hatua moja.

Akaivuta simu.

"Duka la dawa," ilisema sauti nene.

"Trei ya upasuaji wa saa nne iko wapi?"

"Imeshakwenda zamani! Wa kwanza leo wamemwahisha, daktari ana haraka na wageni wenu."

"Ina dawa gani?"

"Kawaida tu. Ya usingizi, ya maumivu, ya kuzuia kidonda kisitunge..." Sauti ikasita. "Nukta, skrini ilikuwa kijani."

"Ya kuzuia kidonda. Ni ya jamii gani?"

Mfamasia hakutania tena. Alilitaja neno lile lile lililotajwa kwao kwa sauti ya chini.

"Usiamini kijani hata kimoja," Nukta alisema, na hakuitambua sauti yake. "Simamisha kila kitu. Nitakueleza."

Akapiga chumba cha upasuaji. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akaitupa mezani, akairuka ile katoni, akakimbia korido nzima.

* * *

Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilifunguka mbele yake kabla hajaita, na ndani alisimama Mzee Kesho katika tai yake ya pili, akizungukwa na wakaguzi watano.

"Huyu hapa!" alisema kwa furaha. "Nilikuwa nakuja kumchukua. Huyu ndiye binti yetu aliyezipanga nyaraka, mtaona zinavyo..."

Nukta alikuwa ameshazishika ngazi. Alizipanda mbili mbili, akateleza, goti likagonga ukingo, akaamka. Mwenye toroli la chakula akambana ukutani. Akapita chini ya mkono wake. Njia nzima kulikuwa na mlio mmoja tu kichwani mwake, wa mlango unaofungwa polepole.

Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa miwili, na ya pili ilikuwa na kioo cha duara. Kati ya ile miwili alisimama sista mnene mwenye barakoa, mikono ameipanua.

"Wapi? Viatu hivyo! Dada, huku huruhusiwi..."

"Mgonjwa aliye humo, dawa mliyopewa, ina mzio, kompyuta imekosea..."

"Taratibu, sema polepole, mgonjwa yupi?"

Polepole haikuwapo. Juu ya bega la sista, ndani ya kioo, Nukta aliona taa kubwa, aliona miguu ya Mama Mdogo chini ya shuka la kijani, na aliona mgongo wa daktari wa usingizi, mzee mmoja aliyebakiza miezi kustaafu. Alikuwa ameinama. Bomba la sindano lilikuwa limeshachomekwa kwenye mpira wa dripu, na kidole gumba chake kilikuwa juu.

Nukta akajitosa chini ya mkono wa sista, akaibamiza mikono yote miwili kwenye kioo. Daktari akageuka kwa hasira. Alikuwa hasikii, kioo kilikuwa kinene. Nukta akatia mkono mfukoni, akautoa utepe, akaubandika kwenye kioo kwa kiganja, mwekundu, una mafundo mawili.

Yule mzee alifanya kazi miaka thelathini na tatu, na miaka thelathini na miwili katika hiyo alifanya na tepe. Hakuhitaji neno. Macho yake yakaenda kwenye utepe, yakaenda kwenye mkono mtupu wa mgonjwa wake, kifundo cha kushoto, palipobaki alama mbili za kubanwa. Kidole kikainuka. Akaling'oa bomba.

Bomba halikuwa limejaa.

Robo ilikuwa imeshaingia.

Nukta aliona shingo ya Mama Mdogo ikianza kubadilika rangi. Aliona watu wanne wakigeuka kwa pamoja kama waliovutwa kwa kamba moja. Kisha yule sista akamshika mabega kwa nguvu, si kwa ukali, akamtoa, akamkalisha kwenye benchi la nje. Mlango ukafungwa.

Dakika arobaini. Alizihesabu kwa mafundo, akilipapasa la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza.

Daktari wa usingizi alipotoka, barakoa ilikuwa kidevuni na jasho limechora ramani kwenye kofia yake.

"Anapumua mwenyewe," alisema. "Amevimba, atatisha kumwangalia hadi jioni, lakini anapumua. Vijiwe vitangoja." Akaketi kando yake, mtu mzima aliyechoka. "Ungechelewa hata kwa muda wa kufunga kiatu, mwanangu, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani alimkata utepe?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa kidogo. Hakumlaani. Akayatazama mafundo yale muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo Nukta, katika mbio zote zile, alikuwa hajaliruhusu limfikie.

"Hiyo kompyuta yenu. Imekosea tangu lini?"

"Juzi," Nukta alisema. "Juzi asubuhi."

Akainuka, akazishika ngazi kuteremka.

* * *

Kurudisha mstari mmoja kulimchukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Bwana Jaribio na karanga zake akamulika jekundu mara moja, kwa utiifu. Juu ya maneno ya Bubu, Nukta akaongeza yake, marefu, akaeleza kila kitu, mpaka na jina lake halisi.

Kisha akaiagiza kompyuta imletee kila mgonjwa mwenye mzio ambaye waraka wake ulipita tangu juzi, saa mbili na dakika arobaini. Mashine ya kuchapa ikatoa karatasi moja, ikatoa ya pili. Wagonjwa ishirini na sita.

Mzee Kesho aliingia bila wageni. Alikuwa ameshasikia, hospitali nzima ilikuwa imeshasikia. Alisimama juu ya zile karatasi, akazisoma midomo ikitikisika, na Nukta akangoja neno lile lililompa jina. Halikuja. Mzee alivua tai, akaikunja akaitia mfukoni, akainama kwa maumivu ya mgongo, akaikumbatia ile katoni ya tepe.

"Naanzia ghorofa ya nne nikishuka," alisema. "Wewe piga simu."

Mlango ukajifunga nyuma yake, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuuzuia.

Nukta alipiga wodi moja baada ya nyingine, akitaja namba ya kitanda na dawa iliyokatazwa. Wa mifupa hakupewa, daktari alibadilisha mawazo. Sawa. Wa watoto, mama yake aligombana na sista mpaka dawa ikarudishwa. Sawa. Wawili walitoka jana wakatembea kwa miguu yao. Mmoja aliwashwa usiku kucha wakadhani ni kunguni. Kila jibu alilipigia alama pembeni ya jina, na kila alama ikamlegeza mkaja mmoja kifuani. Kumi. Kumi na nane. Ishirini na tatu. Alianza kuona mwisho wa karatasi.

Wa ishirini na nne alikuwa wodi ya wanaume ya magonjwa ya ndani, kitanda cha sita. Mzio wake ulikuwa ule ule wa Mama Mdogo.

"Kitanda cha sita?" alisema sista wa huko. Sauti ya msichana, mgeni kazini. "Wa sasa, au yule wa jana?"

"Aliyeingia juzi mchana."

Zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Subiri kwenye simu, dada. Ngoja nimuulize mkubwa wangu."

Simu ililazwa mezani. Upande wa pili wa ukuta mashine za kufulia zilikuwa zimemaliza mzunguko wao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chumba hakikunguruma. Nukta alizisikia ndala za yule msichana zikikimbia kwenye sakafu, zikipotea, na mahali mbali mlango ukifunguliwa. Alikuwa ameuzungusha utepe kwenye kifundo chake mwenyewe bila kujua, ameukaza mpaka vidole vimeanza kufa ganzi.

Mlango ukafungwa. Ndala zikaanza kurudi, na safari hii hazikuwa na haraka.